Chanzo Kipo, Nani Anajenga?



Programu huria kwa kawaida huzungumzwa kwa lugha ya haki: haki ya kutumia, ya kusoma, ya kubadili, ya kugawa. Haki hizo sizipingi hata moja. Ninachotaka kusema leo ni kwamba haki ya kupata chanzo cha programu haimfaidii kitu mtu asiyejua kukigeuza chanzo hicho kiwe programu tena. Taasisi zetu zinaendesha Linux usiku na mchana, katika mabenki, hospitali, vyuo na ofisi za serikali, lakini ukiuliza nani kati ya mafundi wao amewahi kujenga upya kifurushi kimoja, wengi wataangalia chini. Tunapakua, tunasakinisha, tunaendelea na mambo mengine. Ndiyo sababu mhadhara huu utakuwa wa mikono zaidi kuliko wa nadharia, na wenye kompyuta mpakato mnaweza kuzifungua.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Leseni ya GPL toleo la 2 ilitolewa Juni 1991, na hadi leo ndiyo inayotawala kerneli ya Linux. Wengi wanaikumbuka kwa sharti moja: ukimpa mtu programu iliyokwisha kujengwa, umpe na chanzo chake, au umpe ahadi ya maandishi, ya miaka isiyopungua 3, kwamba atakipata akikitaka. Sehemu inayosahaulika ni ile inayoeleza chanzo ni nini. Kwa mujibu wa leseni hiyo, mafaili aliyoyaandika mtunzi wa programu hayatoshi. Zimo pia hati za amri zinazoongoza ukompaili na usakinishaji. Walioiandika walijua kwamba kumkabidhi mtu maelfu ya mafaili bila kumwonyesha yanavyounganishwa ni kumkejeli.

Na sharti hilo lina meno. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys iliachia chanzo cha programu ya ruta yake ya WRT54G baada ya watu kugundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux. Kutokana na chanzo hicho, mwaka 2004 ulizaliwa mradi wa OpenWrt, ambao leo unaendesha ruta za kampuni nyingi tofauti. Lakini angalieni waliofaidika: ni wale waliokuwa na uwezo wa kukijenga. Kwa wengine wote lilikuwa furushi la kuhifadhi tu.

Sasa tuingie jikoni. Nitachukua Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, kwa kuwa ndiyo msingi wa Ubuntu ambayo wengi wenu mnaitumia. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000, na kila kilichomo katika sehemu kuu ya hazina yake kina chanzo chake palepale, kwenye seva zilezile. Hakuna fomu ya kujaza wala mtu wa kumwomba.

Kikwazo cha kwanza ni kidogo na kinawakatisha tamaa wengi. Kwenye mashine nyingi apt, zana ya kupakua na kusakinisha vifurushi, imeelekezwa kwenye vifurushi vilivyokwisha kujengwa tu. Ndani ya faili la /etc/apt/sources.list, mistari inayoanza na deb huleta programu. Ya kuleta chanzo huanza na deb-src. Kwenye mifumo mipya maelekezo hayo yamehamia katika folda ya sources.list.d, na penye neno Types unaongeza deb-src kando ya deb. Kisha apt-get update, na mlango uko wazi.

Andikeni: apt-get source hello. Hello ni programu ya mradi wa GNU ambayo kazi yake yote duniani ni kusalimia. Nimeichagua kwa sababu chanzo chake hakifiki megabaiti moja, kwa hiyo hata aliyejiunga na bando la siku hataumia. Amri hiyo haihitaji sudo. Iendesheni mkiwa watumiaji wa kawaida, ndani ya folda tupu.

Yatashuka mafaili matatu ya msingi. La kwanza linaishia na .dsc, ni la maandishi, fupi, lina jina la kifurushi, toleo lake, orodha ya vitu vinavyohitajika ili kukijenga, na alama za SHA256 za mafaili mengine. Limetiwa sahihi ya kidijitali na mtu wa Debian aliyelipakia. La pili lina neno orig katika jina lake: hiyo ni kazi ya mtunzi wa programu, kama alivyoitoa. La tatu lina neno debian: hiyo ni kazi ya Debian, yaani maelekezo ya ujenzi pamoja na viraka vyote walivyobandika juu ya kazi ya mtunzi.

Huu mgawanyo wa orig na debian naomba tuukalie kidogo, kwa maana ndio uungwana wenyewe wa mfumo huu. Mtunzi hawekewi maneno mdomoni. Ukitaka kujua nani aliandika nini, huna haja ya kumwuliza mtu: linganisha mafaili mawili. Kila badiliko la Debian limekaa peke yake ndani ya folda ya debian/patches, na faili liitwalo series linaonyesha viraka hivyo vinabandikwa kwa mpangilio gani. Kiraka kilichoandikwa vizuri kina maelezo juu yake: kimetoka wapi, kinatibu nini, kimeshapelekwa kwa mtunzi au bado. Nimesoma ripoti za miradi ya mamilioni zisizokuwa na nidhamu hiyo.

Ndani ya folda ya debian kuna mafaili mengine matatu ya kuyajua. Control inataja kifurushi kinategemea nini, wakati wa kujengwa na wakati wa kutumika. Rules ndiyo amri za ujenzi. Siku hizi, kwa msaada wa zana iitwayo debhelper, vifurushi vingi vina rules ya mistari michache tu. Na changelog ni daftari la historia: kila toleo, mabadiliko yake, jina la aliyeyafanya, tarehe na saa. Msilidharau daftari hili mkadhani ni la kumbukumbu tu. Namba ya toleo la kifurushi husomwa humo, kwenye mstari wa juu kabisa. Tutalirudia.

Ujenzi wenyewe ni amri mbili. Ya kwanza, sudo apt-get build-dep hello, inaleta zana na maktaba zinazohitajika. Ya pili, mkiwa ndani ya folda iliyofunguliwa, ni dpkg-buildpackage -us -uc -b. Herufi hizo zinasema usitie sahihi, na ujenge programu tu. Maandishi yatapita mbio kwenye skrini, majaribio ya programu yataendeshwa, na mwisho, katika folda ya juu yake, mtalikuta faili la .deb mlilolijenga wenyewe. Kando yake kuna faili la .buildinfo lililorekodi matoleo ya zana zote zilizotumika. Hilo nalo litunzeni.

Hapa ndipo wengi hufurahi mno na kukosea. Kompyuta yako ya kila siku imejaa maktaba ulizozisakinisha kwa kazi nyingine, na ujenzi unaweza kuzidaka bila kukuambia. Ukipeleka kifurushi hicho kwenye seva isiyokuwa nazo, kinakataa kusakinishwa, au kinafanya kazi tofauti na ulivyotarajia. Ndiyo maana Debian wenyewe hujenga ndani ya mazingira safi yanayoundwa upya kila mara, kwa zana kama sbuild na pbuilder. Kwa zoezi la darasani si lazima. Kwa seva ya hospitali ni lazima.

Kosa la pili linahusu namba ya toleo, na hili nimeona linawaangusha hata mafundi wazoefu. Tuseme umebadilisha kitu ndani ya hello 2.10-3. Usikiache kifurushi chako na namba ileile, kwa sababu hapo utakuwa na vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Zana ya dch inakusaidia: ukiandika dch --local +dar, kwa maana ya Dar es Salaam, inafungua ukurasa mpya kwenye changelog na kukipa kifurushi chako namba 2.10-3+dar1. Kwa kipimo cha dpkg, zana ya Debian ya kusakinisha vifurushi, namba hii ni kubwa kuliko 2.10-3 na ni ndogo kuliko 2.10-4, kwa hiyo toleo jipya likija litachukua nafasi yake. Vizuri.

Lakini marekebisho ya usalama ya Debian 12 hayaji na 2.10-4. Huja na namba kama 2.10-3+deb12u1. Sasa mwenzetu wa Kenya naye afanye kama wewe, akipe chake jina la mji wake: 2.10-3+nairobi1. Dpkg hulinganisha herufi kwa herufi. Kati ya dar na deb, herufi a inatangulia e, kwa hiyo rekebisho la usalama linahesabiwa kuwa jipya zaidi na litasakinishwa juu ya kifurushi cha Dar es Salaam. Kati ya nairobi na deb, n iko baada ya d, kwa hiyo kifurushi cha Nairobi kitaonekana kuwa kipya kuliko rekebisho, na apt itakiacha kilipo, kimya kabisa, na tundu lake likiwa wazi. Hakuna kosa lolote litakaloonekana kwenye skrini. Kabla ya kuchagua jina, pimeni kwa dpkg --compare-versions. Wa Mombasa na wa Tanga mko katika hatari ileile ya Nairobi. Bagamoyo mko salama.

Mtaniuliza: kwa nini tujisumbue, wakati Debian wameshajenga? Nina majibu mawili ya kihistoria, na yote mawili yanauma.

La kwanza ni la mwaka 2006. Mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL katika Debian aliondoa mistari michache ya msimbo kwa kuwa zana ya ukaguzi, Valgrind, ilikuwa ikiilalamikia. Kati ya mistari hiyo mmoja ndio uliokuwa ukiingiza vitu vya kubahatisha katika utengenezaji wa funguo za siri. Ulipoondoka, kitu pekee kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Yaani kwa kila aina ya mashine na kila ukubwa wa ufunguo, duniani kote, zilikuwapo funguo elfu thelathini na kitu tu, na mshambuliaji angeweza kuziandaa zote mapema. Hali hiyo ilidumu tangu Septemba 2006 hadi Mei 2008, Luciano Bello, naye wa Debian, alipoigundua. Kiraka kile kilikuwa hadharani muda wote huo, ndani ya kifurushi chanzo, kwa yeyote mwenye macho. Mnaona basi kuwa hadharani peke yake si ulinzi. Kunahitajika watu wanaofungua na kusoma, na mwaka ule waliofungua hawakutosha.

La pili ni la majuzi. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watunzi wa PostgreSQL, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, mmepandikizwa mlango wa siri. Alikuwa akipima utendaji wa kanzidata kwenye Debian ya majaribio, akaona kuingia kwa ssh kumechelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Mtu mwingine angelaumu mtandao. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye maktaba ya liblzma, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yaliyotolewa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejijengea uaminifu katika mradi ule hadi akakabidhiwa kusaidia kuutunza.

Kwetu sisi tunaojenga vifurushi, kisa hiki kina mambo matatu ambayo magazeti yaliyapita haraka. Kwanza, kichocheo cha ule mlango hakikuwamo katika hazina ya wazi ya msimbo ambayo kila mtu huitazama. Kilikuwa ndani ya faili la build-to-host.m4, na faili hilo lenye sumu lilikuwa katika furushi la toleo tu, lile ambalo Debian huliita orig. Aliyesoma hazina na kuridhika alisoma kitu kingine kabisa. Pili, hati ya amri iliyoupandikiza mlango huo ilikuwa na akili ya kujificha: ilikagua kama kuna faili la debian/rules, au kama ujenzi unafanyika chini ya mfumo wa RPM, ule wa Fedora na Red Hat, kwa vichakato vya x86-64. Isipoona dalili hizo, ilitulia. Aliyejikompailia xz nyumbani kwa mkono, kwa make tu, hakupata kitu. Aliyejenga kifurushi rasmi ndiye aliyepata. Yule jamaa aliuelewa utaratibu huu ninaowafundisha leo kuliko wengi wetu tunaoishi nao. Tatu, OpenSSH kama ilivyoandikwa na watunzi wake haitumii liblzma hata kidogo. Iliunganishwa nayo kupitia maktaba ya systemd, kwa kiraka kilichobandikwa na Debian, Fedora na wengineo ili ssh iweze kuwasiliana na systemd. Kiraka kile hakikuwa na ubaya wowote. Kilifungua njia tu.

Debian thabiti, ile ya seva zetu, haikuguswa, kwa kuwa matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye matawi ya majaribio tu. Tulinusurika kwa ratiba.

Basi utajuaje kwamba .deb unayoipakua imetoka kweli katika chanzo unachokisoma? Swali hili ni la zamani. Ken Thompson alilichapisha mwaka 1984 katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing, akionyesha kwamba hata kompaila inaweza kudanganya. Jibu la Debian, lililoanza kufanyiwa kazi mwaka 2013, ni ujenzi unaorudiwa: chanzo kilekile na zana zilezile vitoe faili lilelile, baiti kwa baiti, bila kujali nani amejenga na wapi. Ukisikia ni jambo jepesi. Kumbe programu nyingi zilikuwa zikijipachika saa ya ujenzi, jina la folda, mpangilio wa mafaili kwenye diski, hata lugha ya mtumiaji. Dawa ya saa ilikuwa kigezo kiitwacho SOURCE_DATE_EPOCH, kinachoiambia kila zana ijifanye kwamba sasa hivi ni wakati fulani uliokubaliwa. Na dpkg inautoa wapi wakati huo? Kwenye changelog, tarehe ya ukurasa wa juu. Ndiyo maana niliwaambia msilidharau lile daftari. Faili la .buildinfo nalo linamwezesha mtu mwingine kuyaunda upya mazingira yako na kuthibitisha, na zana ya diffoscope inaonyesha tofauti ilipo iwapo mafaili mawili hayakulingana. Ujenzi unaorudiwa usingemkamata Jia Tan, kwa sababu sumu yake ilikuwa katika chanzo chenyewe. Unamkamata anayeivamia seva ya ujenzi. Wanaouuza kama dawa ya kila kitu wanawadanganya.

Kwa walio upande wa Fedora na Red Hat, mwendo ni uleule kwa majina mengine: dnf download --source inaleta faili la .src.rpm, maelekezo yote yamo katika faili moja la .spec, rpmbuild --rebuild inajenga, na mock inakupa mazingira safi. Ila huko kuna habari ya kisiasa. Juni 2023 Red Hat ilitangaza kwamba chanzo cha mfumo wake wa RHEL kitawekwa hadharani kupitia CentOS Stream pekee. Cha matoleo yenyewe ni cha wateja. GPL inaruhusu chanzo kitolewe kwa anayepewa programu tu, kwa hiyo sharti lile halijavunjwa, lakini waliokuwa wakijenga mifumo pacha walipata tabu. AlmaLinux waliacha kulenga nakala kamili wakalenga kuoana kimatumizi. Rocky Linux walitafuta njia nyingine za halali za kukipata chanzo. Ninaamini Red Hat walikosea, na walioumia zaidi ni watu wa bajeti ndogo, yaani sisi.

Liko jambo moja la kwetu kabisa ambalo ujenzi huu unalifungua. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba inawezekana. Leo tafsiri za programu nyingi huria hukaa ndani ya chanzo, katika folda iitwayo po, na ya Kiswahili huitwa sw.po. Ukikuta menyu imetafsiriwa vibaya, na mtazikuta nyingi, huna sababu ya kunung'unika. Vuta chanzo, rekebisha sentensi ndani ya sw.po, ongeza ukurasa katika changelog, jenga, sakinisha, kisha endesha programu ukiwa umeweka LANG kuwa sw_TZ.UTF-8 au sw_KE.UTF-8. Utaliona rekebisho lako usiku uleule. Asubuhi mpelekee mtunzi kiraka. Mwanaisimu asiyejua hata mstari mmoja wa C anaweza kufanya hivyo, na ningependa kuwaona wengi wa idara za Kiswahili kwenye chumba hiki mara nyingine.

Ombi langu ni kwa walimu wa mifumo ya uendeshaji. Muhula ujao, mpeni kila mwanafunzi kifurushi kimoja: akivute chanzo, akijenge mara mbili na kulinganisha matokeo, kisha achague kiraka kimoja ndani ya debian/patches na aeleze kwa Kiswahili kwa nini kiliwekwa. Maksi nyingi zitoke kwenye maelezo hayo, maana amri mtu ataziiga popote. Gharama ya bando haitakuwa kwenye chanzo, itakuwa kwenye zana za kujengea, build-essential na wenzake, zikipakuliwa na darasa zima kwa wakati mmoja. Hilo linatibika kwa kuweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja ya maabara, ili kila faili lishuke mara moja na kugawiwa ndani. Wakuu wa vitengo vya TEHAMA mliopo hapa, kompyuta kuukuu yenye diski ya kutosha inaweza kuifanya kazi hiyo. Itoeni.